Mahari kwa Gramu

Nuru, mwanangu,

Umetoka kwenda Al Barsha kuwaaga wenzako wa dukani, na nyumba imenyamaza. Masanduku yako yako mlangoni. Nimeyafunga na kuyafungua tena bila sababu. Sitakuandikia habari za pasi, wala za nguo ya kushukia Mombasa, wala za joto la huko ambalo utasema si kitu mbele ya joto la hapa. Hayo unayajua, na usiyoyajua mama yako mdogo Zainabu atakuambia kabla hujauliza.

Nina jambo limenikaa kifuani tangu wiki iliyopita. Kila nikilianza mbele yako unanikumbatia na kusema, "Mama, khalas, basi, ni harusi, si msiba." Basi naandika, kwa sababu karatasi haina mikono ya kunikumbatia. Nitaitia barua hii kwenye mkoba wako na kukuomba uisome uwanja wa ndege, kabla ya kupanda.

Jambo lenyewe ni mahari yako, na dhahabu, na kijana uliyemchagua.

Unakumbuka Salim na wazee wake walipokuja kuposa kule Mombasa, nami nikakataa mahari ya shilingi. Ulikuwa chumba cha ndani na Zainabu, na wanaume walikuwa barazani. Baba yako, ambaye ndiye walii wako wa kukuoza, alitaka mambo yaishe upesi. Mimi nikapeleka ujumbe kupitia kwa mjomba wako: mahari itajwe kwa gramu. Kidani, herini na bangili mbili, karati ishirini na moja, kwa uzani wake, si kwa bei yake. Mzee mmoja wa upande wao akasema kwa sauti ya kusudi, "Mama wa binti anauza dhahabu Dubai, ndiyo maana." Wakacheka. Salim hakucheka. Alisema tu, "Nimekubali."

Baadaye ulinijia umenuna. "Mama, yule ni mwalimu wa shule. Umemfanya aonekane kama mtu anayeomba mkopo. Mimi ningeridhika na msahafu na pete."

Nilikujibu kwamba utaelewa ukikua, na ulikuwa umeshakua zamani. Lilikuwa jibu la uvivu. Nilipaswa kukuambia haya.

Mahari yangu mimi ilitajwa kwa shilingi. Nusu nililipwa siku ya ndoa, nusu ikabaki dhimani kwa baba yako, deni la kulipwa baadaye, kama wanavyofanya wengi kwetu. Nilikuwa msichana wa Kibokoni, na ile nusu iliyobaki ilikuwa fedha ya heshima. Marehemu bibi yako alikaa nami akinihesabia kwa vidole ingenunua nini: cherehani mpya ya miguu, kitanda cha mvule, na bado ningebaki na ya kuanzia biashara ya vitambaa. Akaniambia, "Mambo yakiharibika, hutaanza na mikono mitupu." Nikaolewa nikiwa na utulivu huo.

Haukupita muda mrefu bei zikaanza kupanda nyumbani. Unga, sukari, mafuta ya taa, vyote. Unatoka na fedha uliyoizoea, na mwenye duka anakutazama kwa huruma kabla hata hujaagiza. Wengine walisema wafanyabiashara wameingiwa na uroho. Wengine walisema noti zimekuwa nyingi mno mikononi mwa watu, na vitu vya kununua ni vile vile. Mimi sikushughulika na sababu. Nilijua kwamba noti iliyokuwa ikijaza kikapu sasa haifuniki hata kitako cha kikapu. Lakini katika miaka yote ile, Nuru, sikuwahi kufikiri kwamba ile nusu ya mahari iliyokuwa dhimani nayo ilikuwa inaliwa. Nilidhani imetulia mahali, inanisubiri.

Ulipokuwa unajifunza kutembea, baba yako aliniacha. Siandiki kumchafua. Wewe na yeye mna yenu, na ni mema, na nayashukuru. Tena nitakuambia kitu ambacho huenda hakuna aliyekuambia: alinilipa mahari yangu iliyobaki yote, siku ile ile, mbele ya mashahidi, bila kuvutana. Alizihesabu noti kwenye mkeka wa bibi yako, polepole, ili kila mtu aone. Nilizichukua, nikavaa buibui langu, nikaenda moja kwa moja kwenye duka la cherehani. Nikauliza bei. Kijana wa dukani aliponijibu nikadhani hakunisikia vizuri, nikauliza tena. Kisha nikatoka, nikasimama barabarani na bahasha mkononi, watu wakinipita. Fedha iliyokuwa inunue cherehani na kitanda ilitosha viatu vyako, maziwa ya kopo, na nauli ya kurudi nyumbani.

Baba yako hakunidhulumu hata senti. Ningepata mtu wa kumchukia ningelala vizuri zaidi. Alilipa alichoahidi, ila alichoahidi kilikuwa kimeisha kikiwa bado kina jina lile lile.

Zainabu yeye mumewe alimpa bangili. Ndizo alizoziuza mwaka ule ili kunikatia tiketi ya kuja huku, na shilingi alizopewa na sonara zilikuwa nyingi kuliko zile alizotoa mumewe kuzinunua. Miaka baadaye, nilipojifunza kazi hii, niligundua kitu kilichonishangaza. Katika muda ule ule dhahabu yenyewe ilikuwa imeshuka duniani, ukiipima kwa dola. Ilikuwa inashuka na bado ikatuokoa, kwa sababu shilingi ilishuka zaidi. Kwa hiyo mtu akikuambia dhahabu imepanda, muulize kwanza imepanda kwa fedha ya nani. Mara nyingine dhahabu haijasogea. Ni fedha yako iliyorudi nyuma.

Hapa nilianza kwa kusafisha sakafu za duka la sonara pale Deira. Wateja wa Mombasa, Dar, Kampala na Lubumbashi wakawa wengi, na mwenye duka akaona ni heri mfagizi anayesema Kiswahili asimame nyuma ya kioo. Mwenye duka huyo, Mzee Jayanti, unamkumbuka, Mgujarati aliyezaliwa Unguja. Ndiye aliyenisaidia viza yako ulipokuja ukiwa bado una mapengo ya meno. Nilimwuliza siku moja kwa nini bei ya dhahabu kwenye ubao wa duka inahangaika hivi, na dhahabu kwenye sinia ni ile ile. Akatoa bangili moja.

"Hii, Mwanaisha, nikiifungia kwenye kasha mwaka mzima, nitakuta ngapi?"

"Moja."

"Haizai. Fedha ya benki inazaa. Sasa hao wakubwa wa benki kuu ya Marekani wakipandisha riba, wenye mali wanajiuliza, tunakaa na kitu kisichozaa kwa nini? Wanauza. Wakishusha riba, na vitu vinapanda bei, basi fedha ya benki inazaa kidogo kuliko inavyoliwa. Hapo watu wanarudi kwa bangili."

"Na sisi wa hapa yatuhusu nini mambo ya Marekani?"

"Dirhamu imefungwa kwenye dola kama mbuzi kwenye kamba. Wakivuta, tunakwenda."

Nilifurahi mno kuelewa, na furaha ile ndiyo iliyoniharibu. Mtu akishapata maelezo ya kitu anadhani amepata na kitu chenyewe.

Ulikuwa shule ya msingi wakati kreni za majengo zilipoacha kufanya kazi. Wewe ndiye uliyeniambia, "Mama, zimelala." Dunia nzima ilikuwa na shida ya fedha, na hapa shida ilikuja na sura ya kupendeza: kila kitu kilishuka bei. Mwenye nyumba wetu hapa Al Mankhool alitupunguzia kodi bila kuombwa. Magari yaliuzwa kwa bei ya kutupa. Mimi na Auntie Grace tulifurahi. Grace unamjua, Mkenya wa Kakamega aliyesafisha vyumba vya hoteli, tuliyepanga naye nyumba hii, ndiye aliyekuwa akikusuka nywele siku za shule. Tulikaa jikoni tukisema hatimaye mji huu umetuhurumia.

Haukuwa umetuhurumia. Bei zilikuwa zinashuka kwa sababu hakuna aliyekuwa ananunua, na mwenye fedha alikuwa anangoja zishuke zaidi, na mwenye duka asiyeuza anamwachisha kazi mtu. Mzee Jayanti aliwaachisha wauzaji wawili, wote wana watoto. Kwa miezi niliingia dukani kila asubuhi kabla ya wenzangu wote, nisiwe wa tatu. Watu walikuja kuuza bangili zao wapate fedha ya deni na ya tiketi, na kwa muda hata dhahabu ikayumba. Kisha benki kuu za nchi kubwa zikaogopa ule mporomoko, zikashusha riba karibu na sifuri, zikaingiza fedha mpya. Dhahabu ikaanza kupanda. Ikapanda mwaka ule, na uliofuata, na uliofuata.

Mimi nilikuwa naiona kila siku, ubao ule juu ya kichwa changu. Nikaanza kununua kidogo kidogo kwa akiba yetu. Na siku moja nikamwambia Grace. Alikuwa anaweka fedha benki ili amjengee baba yake nyumba ya matofali. Tulikuwa tunakaanga mandazi.

"Benki inakupa nini?" nilimwuliza. "Nunua dhahabu. Mimi niko pale, naona kwa macho yangu. Haishuki."

"Una uhakika, Mama Nuru?"

"Wallahi, nina uhakika."

Niliapa, Nuru. Hakuna aliyenilazimisha. Grace akatoa akiba yake yote, nami nikamchagulia mikufu na bangili nzuri, tena nikajiona nimemfanyia wema.

Halafu mambo ya Marekani yakaanza kutengemaa. Hawakuwa hata wamepandisha riba. Ulikuwa uvumi tu kwamba wataacha kumwaga fedha, na wenye mali wakubwa wakaanza kuuza. Bei ikaanguka kama mtu aliyekosa ngazi. Watu walipanga foleni dukani kununua, wakidhani ni rahisi, na ikaanguka tena. Nilimwambia Grace, "Tulia, itarudi." Na ingerudi. Lakini baba yake alianguka kule nyumbani, akalazwa, na hospitali haikutaka kusikia habari za itarudi.

Alikuja dukani na mfuko wa nailoni. Hakutaka kwenda duka jingine, alisema anataka mtu anayemwamini. Nikaweka vitu vyake kwenye mizani.

"Gramu ni zile zile, sivyo?" akauliza.

"Ni zile zile."

"Sasa pesa imeenda wapi, Mama Nuru?"

Nikaanza kumweleza habari za riba, nikasikia maneno yangu yalivyo ya kipuuzi, nikavuta kitabu cha risiti. Ilibidi pia nimwambie kwamba ile gharama ya ufundi aliyoilipa siku ya kununua hairudi, duka linanunua uzani tu. Alitikisa kichwa, akatia sahihi, akaniambia asante. Akaniambia asante, mwanangu.

Watu wa kanisa lao walichanga, mzee akatibiwa. Nyumba ya matofali haikujengwa. Grace hakunilaumu hata siku moja, na mpaka leo hunipigia simu kila Idd. Sijui kama ni msamaha au ni adabu tu, na sijawahi kuthubutu kumwuliza.

Mimi niliyemponza sikupoteza kitu. Miaka ilipita, bei ikarudi pale ilipokuwa na kupita zaidi, na dhahabu yangu bado ninayo. Sikuwa na akili kuliko yeye. Sikupata mgonjwa mwaka ule, basi. Ndiyo tofauti pekee.

Ungedhani nilijifunza. Nilijifunza nusu, ile nusu iliyonifaa. Nikajiambia: shilingi huliwa, dhahabu mwishowe husimama, kwa hiyo binti yangu hatatajiwa mahari ya karatasi. Ndivyo nilivyopeleka ule ujumbe kwa wazee wa Salim, nimejipanga, nina hakika. Nikasahau kwamba kila gramu niliyoitaja kuna mtu atakayeinunua, na huyo mtu analipwa mshahara wa shilingi.

Tangu siku ile ya posa dhahabu imepanda kuliko nilivyowahi kuona. Sababu unazisikia kwenye habari: vita, watu kutoziamini fedha zao, na hata benki kuu zenyewe, zile zinazochapa noti, zinanunua dhahabu na kuweka ghalani. Wateja wetu wanaingia, wanatazama ubao, wanatoka. Nami nilikuwa nafurahi. Nakiri kwako, nilikuwa napita chini ya ubao ule nikisema moyoni, mahari ya Nuru inakua. Sikumfikiria Salim hata mara moja.

Jumamosi iliyopita akaingia dukani Bwana Bakari, ami yake Salim, yule anayefanya kazi ghalani kule eneo huru la biashara la uwanja wa ndege. Amevaa kanzu iliyopigwa pasi. "Mama Nuru," akasema, "nimekuja kutimiza." Akaweka bahasha juu ya kioo.

Nikatoa seti niliyokuwa nimekuwekea kando mwenyewe. Nikapima, nikazidisha kwa bei ya ubaoni, nikahesabu fedha zake. Hazikufika. Hazikukaribia hata. Akaniomba nipige hesabu tena, nikapiga tena ili asione aibu.

"Hii ndiyo yote?" nilimwuliza polepole.

Akatazama nyuma kuona kama kuna mteja anayesikia. "Kijana ameuza kiwanja chake cha Mtwapa. Na juu yake amekopa. Tena amekopa wakati mbaya, riba ilikuwa imepandishwa huko nyumbani ili kuituliza shilingi, na mikopo yote ikapanda nayo. Mama Nuru, nakuomba, bibi harusi asijue."

Kiwanja cha Mtwapa, Nuru. Kile ulichonionyesha kwenye simu, ukipitisha kidole: hapa jiko, hapa sebule, hapa chumba chako mama ukichoka na Dubai.

Nikamwambia, "Basi tupunguze uzani. Nitazungumza na baba yake Nuru."

"Hapana. Amekubali gramu mbele ya watu. Anasema hataanza ndoa kwa kupunja."

Nikatoa kadi yangu ya benki ili nijazie. Bwana Bakari akaufunika mkono wangu kwa wake. "Unamwoza binti yako, au unamnunulia mume?"

Nikarudisha kadi. Na hapo, mwanangu, badala ya kunyamaza, nikasema, "Ngoja. Usinunue leo. Katikati ya wiki wakubwa wa benki kuu ya Marekani wanakutana. Bei za vitu kwao bado ziko juu, hawawezi kushusha riba. Wakikataa kushusha, dhahabu italegea. Rudi Alhamisi."

Akaniuliza, "Una hakika?"

Sikuapa safari hii. Nilisema, "Inshallah." Lakini nilisema kwa sauti ya mtu anayejua, na yeye akaondoka na bahasha yake akiwa na matumaini.

Walishusha riba. Tena wakaashiria kwamba huenda wakashusha nyingine. Nilikuwa dukani asubuhi ubao ulipobadilika, na Mzee Jayanti, ambaye siku hizi anakuja kwa fimbo, alisugua mikono kwa furaha kwa sababu mali yake yote iliyo kwenye sinia ilikuwa imeongezeka thamani. Mimi nilikwenda chooni nikajifungia.

Bwana Bakari alirudi Alhamisi kama nilivyomwambia. Alitazama ubao, akanitazama mimi. "Nipe kinachotosha," akasema. Nikamwuzia kidani na herini. Bangili nikazirudisha kwenye sinia, na kabla ya adhuhuri mteja wa Kinshasa akazinunua.

Leo asubuhi, ulipokuwa unaoga, nilimpigia Salim. Nilitaka kuomba radhi. Hakunipa nafasi.

"Mama, nisamehe," alisema. "Bangili hazikufika. Lakini ziandikwe dhimani, kwa gramu, kama tulivyokubaliana. Nitazilipa."

Nilikaa kitandani. Kwa gramu! Mshahara wa mwalimu utakaa pale pale, mkopo utaendelea kukatwa, na kama dhahabu itaendelea kupanda, mume wako atakimbiza bangili mbili maisha yake yote, na kila atakapokaribia zitasogea. Na kama itaanguka kama ilivyoanguka kwa Grace, kidani chako kitakuwa kimepungua thamani, na mkopo aliouchukua kukinunua hautapungua hata shilingi. Miaka yote nilidhani nimekutafutia kinga. Ile hofu iliyonisimamisha barabarani na bahasha mkononi haikuondoka, Nuru. Niliinyanyua nikamtwika kijana wa watu, na sikumwuliza kama ana mabega.

Nikamwambia, "Salim, mwanangu, hukuwa na haja ya kuuza kiwanja."

Akasema, "Mama, usimwambie Nuru kuhusu kiwanja. Nitamwambia mwenyewe, siku itakapokuwa nzuri."

Nikasema, "Sitamwambia."

Na sasa nimekwambia. Nilitaka kujitetea kwamba sikukuambia, nimekuandikia tu, lakini huo ni ujanja wa dukani. Nimevunja ahadi niliyompa mkwe wangu hata hajawa mkwe. Nimeivunja kwa sababu naijua ile siku nzuri anayoingoja. Mimi na baba yako tuliingoja pia. Hatukuwahi kukaa chini na kusema, hiki kinatosha, hiki hakitoshi, hiki kinaniogopesha. Tulikuwa na adabu mno. Kila mmoja alikaa na hofu yake chumba chake, na fedha ikaendelea kuliwa katikati yetu kimya kimya.

Sitakuambia dhahabu itakwenda wapi kesho. Nimesimama nyuma ya kioo kile ujana wangu wote na sijui. Nimeona mfumuko wa bei ukiipandisha, na nimeona mfumuko ule ule ukiishusha, kwa sababu benki kuu ziliuogopa zikapandisha riba. Atakayekuambia anajua, hata akiwa ni mimi, msikilize na uishike fedha yako. Usiweke kwenye dhahabu kitu utakachokihitaji mwaka huu. Na usimwahidi mtu kwa kipimo ambacho yeye hawezi kukipata. Ni hayo tu niliyonayo, na unaona yalivyonigharimu, na yalivyowagharimu wengine zaidi yangu.

Mahari ni yako. Si yangu, wala si ya baba yako, wala si ya wale waliocheka barazani. Unaweza kusema kidani na herini ndiyo mahari yote na umeridhika. Unaweza kuzitaka bangili, na hakuna mwenye haki ya kukulaumu, ulishaahidiwa. Unaweza hata kumrudishia vitu vile avigeuze fedha akamwone aliyenunua kiwanja amrudishie, kabla hajachimba msingi, ingawa gharama ya ufundi haitarudi, mtapoteza kidogo. Nimejizuia kukuchagulia. Umenisumbua mkono kuliko sehemu nyingine zote za barua hii, mstari huu.

Ila usiingie kwenye ndoa ukiwa hujui mtu ametoa nini ili akupate. Mpigie Salim kabla hujapanda ndege. Mwache aseme mwenyewe, usimkatize, hata akisitasita. Na akikuuliza nani amekuambia, usinifiche. Mwambie ni mama, na kwamba mama anaomba radhi.

Nakuombea njia nyeupe.

Mama yako,
Mwanaisha